Kabla ya Kufunga Kichochoro

Mama Kiraka alifika kwenye mkutano akiwa amejipanga. Mtu aliyeshona nguo za mtaa mzima kwa miaka thelathini hakosi maneno, na siku hiyo alikuwa nayo tele. Kichochoro kisifungwe, basi. Kikiwekwa mlango wa chuma kama jirani yake Nesi anavyotaka, wateja watalazimika kuzungukia barabara kuu ili kuifikia cherehani yake, na ni nani atazunguka kote huko kwa ajili ya kupunguza suruali? Mwaka usingeisha kabla hajafunga kazi.

Walikalishwa kwenye darasa la chekechea, juu ya viti vya watoto. Watu wazima na mvi zao, magoti yamefika kidevuni. Fundi redio alisema akiinuka, kiti nacho kitainuka naye, watu wakacheka. Nesi hakucheka. Alikaa karibu na dirisha, mkoba mapajani. Alishastaafu hospitali zamani, lakini mgongo ulikuwa umenyooka kama bado yuko zamu.

Mwezeshaji, binti mpole aliyeletwa na ofisi ya mtaa, alikuwa na sharti moja tu.

"Kabla hujajibu, rudia alichosema mwenzako, mpaka mwenyewe akubali kwamba ndicho alichosema. Hapo ndipo utasema lako."

Mchezo wa kitoto, Mama Kiraka akawaza. Haya, tucheze.

Nesi akaanza, sauti chini, bila kumtazama mtu. "Pikipiki zinapita, vibaka wanapita. Lakini hata wasingepita, ningetaka kufunga. Ukuta wangu uko pale pale kichochoroni. Tangu mume wangu afariki, nikisikia hatua naweka kikombe chini. Nasema, huyo anakuja kwangu. Zinafika mlangoni, zinapita. Nimechoka kuweka kikombe chini."

Jamani, kichochoro kile. Mlikiona enzi zake nyie? Mama Kiraka alikuwa akichungulia tu mlangoni kwa Nesi na kuuliza, "Chai iko?" Anajibiwa, "Kwani lini ilikosekana?" Wanatoa vigoda nje, huyu anapinda sketi za shule, yule anachambua mchele, na wote wawili wanasengenya watu mpaka kivuli kihame ukuta mmoja kwenda wa pili. Watoto watatu wa Mama Kiraka walizaliwa mikononi mwa Nesi. Walikula nyumba yoyote iliyowahi kuivisha, na walichapwa na yeyote aliyekuwa karibu.

Kisha mume wa Nesi akafa. Mama Kiraka alikwenda siku ya mazishi, akaenda na siku mbili zilizofuata, halafu akaishiwa la kusema. Aliogopa kile kilio, ukweli ndio huo. Akajiambia atakwenda kesho. Kesho ikawa mwezi, aibu ikanenepa, naye akaanza kupita mbio mbio, macho kwenye kapu la vitambaa. Miaka minne, mtu mzima na akili zake timamu.

"Mama, rudia alichosema," mwezeshaji akamkumbusha.

Mama Kiraka akakohoa. "Amesema vibaka wanamsumbua."

"Sikusema hivyo," Nesi akajibu.

"Amesema hatua za watu zinampigia kelele."

"Sikusema hivyo, dada."

Hilo neno dada hakuwa amelisikia kutoka kinywa kile kwa miaka minne. Akatazama mikono yake mwenyewe, vidole vilivyojaa alama za sindano, na akaona hakuna pa kukwepea.

"Amesema napita," akasema. "Mimi. Asubuhi nikienda, jioni nikirudi. Anazijua hatua zangu, anaweka kikombe chini, nami napita."

"Hapo umesema," Nesi akajibu.

Mwezeshaji akamwambia Mama Kiraka kwamba sasa ni zamu yake, aseme lake. Yale maneno yote aliyoyapanga tangu alfajiri aliyatafuta, asione hata moja.

"Fungeni," akasema. "Ana haki. Cherehani nitajua pa kuipeleka."

Mwezeshaji akamgeukia Nesi naye arudie. Nesi alifungua mkoba, akaufunga, akaufungua tena.

"Amesema tufunge."

"Ndivyo ulivyosema, mama?"

"Ndivyo."

"Basi na mimi nina neno," Nesi akasema, na kwa mara ya kwanza akamtazama mwenzake usoni. "Tukifunga, huyu atapita wapi kuja kwangu?"

Sharti ni sharti, ikabidi Mama Kiraka arudie. Alianza, akashindwa. Akaanza tena, machozi yakamzidi, na yule binti hakumharakisha.