Sauti ya Pijo la Malam

...shusha kidogo tena, nimemwambia, na Ubale fundi ameinama juu ya injini na bisibisi yake, amezungusha ile skrubu ya kabureta polepole kama mtu anayefungua mlango wa chumba alimolala mtoto, na injini imeshuka, imetulia, lakini siyo, bado siyo yenyewe, na sijui nimweleze vipi, ananitazama akingoja, na binti yangu Rekiya amekaa kwenye usukani, mlango wazi, mguu mmoja nje, ananitazama vilevile, na mimi hapa kwenye benchi la gereji na tasbihi yangu, subhanallahi, subhanallahi, hesabu imenipotea tangu injini ilipowashwa kwa sababu masikio yangu yote yako huko, Mungu anisamehe, mjane aliyetoka eda juzi tu, badala ya kukaa na Yasini yangu niko soko la Panteka katikati ya vyuma na oili nikibishana na fundi habari za kabureta, lakini nani mwingine angekuja, gari ni Pijo la mume wangu Malam, na Malam yuko kaburini, na injini yake ya zamani ilichemka ikapasuka kwenye barabara ya Kachia, Rekiya akiwa njiani kwenda zahanati kwake, mkunga mzima ameketi kando ya barabara na mkoba wake, na huko mbele kuna mwanamke ameshikwa na uchungu... alijifungua salama, alhamdulillahi, mikononi mwa mama mkwe wake, lakini Rekiya alirudi nyumbani hakugusa chakula, akasema Mama, ni injini nyingine au tuliuze, na mimi liuzwe sikutaka, nikasema injini, na moyoni sikuwa nikifikiria barabara ya Kachia hata kidogo, nilikuwa nikifikiria sauti. Ile sauti. Ubale anauliza niipandishe, Hajiya, au iwe hivi, ananiita Hajiya na Makka sijaiona ila kwenye kalenda, ni adabu tu, kijana mwenye adabu, mvi zimeanza kumwingia na mimi bado namwita kijana, ndiye aliyenichagulia injini hii, au tuseme tuliichagua pamoja, siku ile kwa Alhaji Mudi, ambako injini zilizotoka ng'ambo zimepangwa juu ya matairi kuukuu kama wagonjwa kwenye foleni ya daktari, na kila moja Alhaji Mudi anaijua ilikotoka, hii ilikuwa ya bibi kizee Mfaransa, aliitumia kwenda kanisani Jumapili tu, na ile nayo ya bibi kizee, na ile ya pembeni bibi kizee mwingine, mpaka Ubale akamuuliza kwani huko Ulaya vijana wote wanatembea kwa miguu, Ubale ni Mfulani, kabila la wafugaji, na Alhaji Mudi ni Mkanuri, watani tangu enzi za mababu, basi Mkanuri akamwambia aende akakamue ng'ombe, injini haina chuchu, nikacheka, nikajisikia nikicheka, mara ya kwanza tangu... nikaziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Kisha Ubale akaiwasha ya kwanza palepale chini, petroli ikishuka kwa mpira kutoka kwenye chupa, akafungua kile kifuniko cha juu wanapotia oili, akaniambia weka kiganja hapa, Hajiya, nikaweka, pumzi ya moto ikanipiga mkono, na moshi, akasema hii imechoka, inapumua, na injini nzuri haipumui hapo, pumzi yote inabaki ndani ikifanya kazi. Nikabaki nimeshika mkono wangu. Maana mkono huu huu niliuweka mbele ya pua ya Malam alfajiri ile, nikangoja, nikauweka tena, nikatamani hata hewa ya kutikisa unyoya, na hapa naambiwa pumzi mkononi ndiyo ugonjwa, nikasema ya Rabbi, ulivyoviumba havifanani hata kidogo, na kwa udadisi tu nikaenda injini hadi injini nikiweka kiganja, Alhaji Mudi akisema sasa mama huyu atanifilisi, mpaka hii, hii iliyokuwa kimya chini ya mkono wangu kama jiwe lenye joto, na Ubale akasema ndiyo hiyo. Na leo imo ndani ya gari, na bomba la moshi limefungwa, na haisemi ninachotaka iseme. Rekiya anasema Mama, mbona inanguruma vizuri tu, na kweli, vizuri, kama gari la mtu yeyote, kama magari yote yanayopita mbele ya nyumba yetu bila kuniinua jikoni. La Malam nililijua likiwa bado kwenye kona ya fundi cherehani, tuk tuk tuk, halafu kimya kidogo, tuk tuk tuk, kimya kidogo, kama mtu mwenye mguu mmoja mfupi, na hapo ndipo nilipotoa tuwo, ugali wetu, kwenye sufuria, moto, nikamimina mchuzi wa bamia, maji ya kutawadhia yakawekwa mlangoni, akiingia kila kitu kiko tayari, na hakuwahi kuuliza umejuaje, na mimi sikuwahi kumwambia, ilikuwa siri yangu ndogo na gari, nilifurahi nayo peke yangu... kwa hiyo nimemwambia sasa, Ubale, lilikuwa likichechemea, nimeona haya kulisema, nimepiga kwa vidole kwenye benchi, tuk tuk tuk, hivi, hivi, na Ubale ameacha kuzungusha skrubu. Ameweka bisibisi chini. Amechukua kitambaa, amekizungusha mkononi, amezipitia zile nyaya nne nyeusi kwa macho, kama anayechagua, kisha ameung'oa mmoja kwenye plagi yake, na gari limeshtuka, na... ya Allah. Yuko kwenye kona. Malam yuko kwenye kona ya fundi cherehani, na mimi nimeshanyanyuka kwenye benchi, miguu imenyanyuka yenyewe, mkono unatafuta mwiko.

"Ni hii, Hajiya?"

"Ni hiyo."

"Hii ni silinda tatu, ya nne imelala. La Malam lilikuwa linamisi, linaruka pigo, miaka na miaka, valvu imeungua. Kila nikilifungua nilimwambia."

"Akasema nini?"

"Alisema niliache." Ubale hanitazami, anautazama waya. "Alisema, ukilitengeneza, nyumbani watajuaje kama nimefika kwenye kona?"

Alijua. Nimekaa tena, sijui nimekaa saa ngapi, alijua, na siri yangu ilikuwa ya watu wawili miaka yote hiyo, na sasa vitu vinakuja vyenyewe, vile alivyokuwa akifika langoni anabaki ndani ya gari, haizimi injini, mimi nachungulia na kudhani anamalizia habari za redio, na redio ya gari lile ilikuwa imekufa tangu Rekiya akiwa shule ya msingi, basi alikuwa akingoja nini, alikuwa akiningoja mimi, alikuwa akinipa muda wa kumimina mchuzi, Malam wewe, karani wa mahakama mwenye uso mkavu kama karatasi zako, ulikuwa umekaa pale gizani mwa gari unanisikiliza na vyungu vyangu. Ubale anasema kama nataka ataliacha hivi, gari ni langu, plagi moja ikae bure, litatembea, ila mlimani litalalamika, na linaweza kuchemka tena kama siku ile. Rekiya anautazama mguu wake ulio nje, kiatu cha kazini, cheupe, kina vumbi la Kachia, na sura yake ni ile ya siku ile aliyosukuma sahani, na najua hataniambia hapana, nikisema liachwe hivi atalipanda hivi, alfajiri, na mkoba wake, kwa sababu ya sikio langu... Malam alichechemea kutoka mahakamani hadi nyumbani, mtaa mmoja wa lami, alikuwa na nafasi ya kuchechemea. Irudishe, Ubale. Nimesema kwa sauti ndogo, ameelewa, waya umeingia mahali pake na injini imejaa, imekuwa kitu kimoja, haina mahali pa kimya, na Malam ametoka kwenye kona, nimemsikia akitoka, innalillahi, vema, nenda, na Ubale ameshika bisibisi tena, anapandisha kidogo, anashusha, ananitazama, na sasa namwacha aiweke anapojua yeye, nasikiliza tu, na kuna kitu, kuna kitu katika sauti hii, nimewahi... bila shaka nimewahi, gari halikuzaliwa likichechemea, lilikuwa jipya siku waliponichukua kwa baba yangu Zaria kunipeleka Kaduna, viti bado vina nailoni, hina mikononi mwangu, shangazi huku na shangazi kule, na yeye mbele kule, kisogo chake tu, kofia yake tu, na safari nzima gari lilikuwa likinguruma hivi hivi, lazima lilikuwa hivi, na mimi sikulisikia, nililia njia nzima chini ya mtandio kama inavyompasa bibi harusi, nililia kwa nguvu shangazi wakanisifu, na ilikuwa ikisemaje kumbe, ikienda vipi kwenye vilima, ni hii aliyokuwa akiisikia yeye kule mbele huku mimi ninalia... na Rekiya amenyoosha mkono kwenye ufunguo, anasema basi, Mama, tumemaliza, nizime, na mimi nimesogeza benchi karibu na bomba la moshi, tasbihi mapajani, nasema ngoja, mwanangu, usizime kwanza.