Kumtoa Jeilani

Khitma ya Jeilani ilipokwisha, mamake, Bi Maram, alipanda kutoka Mkomani hadi chumba chetu cha muziki Wiyoni. Hakutaka chai. Alitaka tumtoe mwanawe kwenye rekodi.

"Kila mtu akisikiza ngoma ile, mwanangu huandikiwa dhambi kule aliko," alisema. "Mtoeni, Mourine."

Nilikasirika, wala sikuficha. Jeilani alikuwa mpiga ngoma wetu. Boti ilipinduka naye akirudi kutoka Faza, na rekodi ile ndiyo ya mwisho tuliyopiga naye: jazi isiyo na nota, kila mmoja akimfuata mwenziwe popote anapoelekea. Sauti kama ile tuliitafuta kwa miaka. Tevin, mpiga besi wetu, aliinama tu akawa anapangusa nyuzi ambazo hazikuwa na vumbi.

Lakini mama ni mama. Na kutoa ndiyo kazi yangu. Jazi yetu huipitisha kwenye dabu, ufundi wa kuivunja rekodi na kuipanga upya: nafunga chombo hiki, naacha kile, mwangwi wake naupeleka mbali. Nikamwambia Bi Maram aketi, nikaiwasha rekodi, nikafunga maiki ya ngoma.

Ngoma ikabaki. Ilikuwa hafifu, lakini ilikuwemo, ndani ya maiki ya besi. Nikafunga besi. Ikatokea kwenye maiki ya kinanda changu, pamoja na ule mguno wa Jeilani wa kila anapobadili mwendo. Ndio ujinga wetu huo. Kwa kiburi cha kutaka kusikilizana tulikataa kutengwa kwa kuta, tukapiga goti kwa goti katika chumba kimoja. Sasa kila mmoja wetu alikuwa amembeba.

"Hatoki, Bi Maram," nilisema. "Kumtoa yeye ni kufuta yote."

Alimtazama Tevin, akanitazama mimi. Alijua anachoomba.

"Nisameheni, wanangu," alisema. "Ifuteni yote."

Tevin akaitikia kwa kichwa. Niliumia, na nikawaambia kwamba naumia, kisha nikapeleka kidole kwenye kitufe. Rekodi ilikuwa bado inaendelea. Mimi na Tevin tulikuwa tumenyamaza humo ndani, tumemwachia nafasi, na Jeilani alikuwa akipiga peke yake, polepole, akihema.

Bi Maram akanishika mkono.

"Mwate amalize," alisema.

Tukamwacha, akamaliza. Kisha nikafuta.