Posa ya Kwenye Kompyuta

Mjukuu wangu Ghati anasoma digrii mbili kwa mpigo, ya kemia na ya kompyuta. Moja tu ingetosha kumchelewesha kuolewa, lakini mtoto ana bidii. Mwanangu Wenceslaus wa Butiama, baba yake mkubwa na msemaji wa ukoo, anasema binti wa digrii mbili anakosa mume mara mbili. Ana akili sana huyo mwanangu, hasa akikaa na ng'ombe.

Siku ya kutetea utafiti mbele ya walimu kwa njia ya mtandao, Ghati alikuja kwangu Makoko, maana huku mtandao unashika. "Bibi, nikifeli leo, zote mbili zimekwenda." Nikafukuza kuku, nikaketi mlangoni.

Nani atokee? Wenceslaus, ndani ya koti la harusi, na mzee Luhende wa Bunda, mkulima wa pamba, anayemposea mwanawe.

"Mama, mwite binti asalimie wageni."

"Ana wageni wengine ndani."

"Bila kuniambia?"

"Wazee watatu. Wanauliza, yeye anajibu. Wewe unadhani ni nini?"

Akachungulia. Kweli, kwenye kioo cha kompyuta wazee watatu wenye tai wanamhoji. Wenceslaus akavua kofia, akaingia. Ghati akafunika uso.

"Karibuni, wazee. Mimi ndiye baba. Kwetu binti haulizwagi peke yake."

Mmoja wao, mwenye mvi, akatabasamu. "Mzee mwenzangu, nami natoka Tarime. Tusamehe kwa kuanza bila wewe. Keti, umsikilize binti."

Akaketi, mikono magotini. Ghati akaeleza namna kompyuta inavyotambua dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyochakachuliwa. Kusikia ng'ombe, Wenceslaus akaitikia kwa kichwa kila sentensi, utadhani yeye ndiye aliyemfundisha.

"Tumeridhika," akasema mwenye mvi. "Umefaulu, binti. Hongera, baba."

Wenceslaus akatoka kifua mbele. "Mzee Luhende, umechelewa. Wasomi wameshamaliza."

Maskini Luhende akamaliza uji niliompa, akarudi Bunda.

Juzi Wenceslaus kanipigia simu: wale wakwe wataleta ng'ombe lini? Nikamwambia wasomi hawakurupukagi, wanaendaga kwa awamu. Apanue zizi kwanza.

Nasikia ameshaanza kukata miti.