Vipande Thelathini na Saba

Ukoo wa mume wangu hauibi. Hugawa, tena kwa haki, na haki yao ndiyo iliyonimaliza.

Bichage, mume wangu, alikuwa akipiga vibrafoni katika hoteli moja Homa Bay: meza ya vipande thelathini na saba vya aluminiamu vilivyopitishwa kamba, mirija chini yake, na pedali ya kuiacha sauti iendelee. Hoteli ilipofungwa mwaka 1995 alipewa ala hiyo, akaileta nyumbani Kehancha. Hatukuwa na umeme wa kuzungusha vifeni vya kwenye mirija yake, lakini ililia. Alinifundisha wimbo mmoja wa kanisani. Alipokufa mwaka uliofuata, nilitaka kitu kimoja tu: kuupiga siku ya ibada ya kumkumbuka.

Siku ya kugawa vitu vya marehemu nilikuwa hospitalini na mtoto. Niliporudi nilikuta fremu tupu.

"Shemeji, koti ni moja, wangepigania," Matiko, mdogo wa Bichage, alinieleza bila haya. "Hii ilikuwa na vipande vingi. Kila mtu wa damu amepata chake. Hakuna mtu amelalamika."

"Na mimi?"

"Wewe umebaki na meza."

Nililia, kisha nikakasirika, na hasira ikanifaa zaidi. Wiki tatu nilipiga hodi boma kwa boma hadi Kegonga. Kipande kimoja kilikuwa kengele ya shule, kingine kilizuia mlango wa kuku. Sikumbembeleza mtu. Nilirudisha mezani thelathini na sita.

Cha mwisho kilikuwa kwa mama mkwe wangu, Mong'ina. Nilimkuta asubuhi nje ya jiko, amekiweka magotini, anakigonga kwa kijiko. Kilitoa mlio mkavu, ukakatika.

"Kwake kilikuwa kinaimba," alisema. "Kwangu kimekataa. Pengine alikufa amenikasirikia, Mellen."

Kisingeweza kulia kikiwa kimelala magotini; kilihitaji kuning'inia. Nilichana ukingo wa leso yangu, nikaupitisha kwenye matundu yake, nikakitundika mlangoni, nikakipiga kwa fimbo ya kupigia ya Bichage. Kililia, kikaendelea kulia. Mama alifumba macho mpaka kikanyamaza.

"Mara moja tena, mwanangu."

Nilimwachia kipande, na fimbo moja.

Siku ya ibada nilianza vizuri. Kisha nikafika kwenye pengo, mkono ukashuka hewani, na ndipo hapo, mbele ya kanisa zima, nilipoamini kwamba Bichage amekufa.