Mteja wa Tatu

Dada alinikanyaga mguu kwa kisigino. Ndiyo lugha yake tukiwa mbele ya wateja: mara moja maana yake nyamaza, mara mbili maana yake fanya haraka. Safari hii alikanyaga mara mbili. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini asubuhi.

Ili nipewe leseni ya udalali wa nyumba, nilitakiwa kupangisha nyumba tatu mbele ya dalali mwenye leseni, naye athibitishe kila mkataba kwa muhuri wake. Dalali huyo ni dada yangu mkubwa. Mtihani wa kuandika nilikwisha kuufaulu, baada ya kuanguka mara mbili na kuchekwa na ukoo mzima. Wateja wawili nilikuwa nao tayari. Fomu ilipaswa kufika ofisi ya leseni kabla ya saa tisa alasiri siku ile. Ukichelewa, unangoja mwaka mzima. Na mwaka mwingine wa kumbebea dada funguo sikuuweza. Nilikuwa na miaka arobaini na moja, jamani!

Mteja wa tatu, muuguzi, alisimama katikati ya chumba cha kulala.

"Mimi ni wa zamu ya usiku," alisema. "Nalala mchana. Ninapokaa sasa jirani ana muziki wa kutoboa masikio. Juzi nilisinzia na sindano mkononi, mgonjwa ananitazama. Nikasema hapana, nahama."

"Basi umefika," dada akadakia. "Hapa hata nzi akipita utamsikia."

Nyuma ya ukuta ule kulikuwa na karakana ya useremala yenye msumeno wa umeme. Saa nne mafundi huenda kunywa chai. Saa nne na nusu hurudi. Ndiyo maana nyumba ile haikuonyeshwa saa nyingine yoyote. Mbinu ilikuwa ya dada, nami nilikwisha kuitumia mara kadhaa na usiku nikalala fofofo.

Muuguzi akatoa kalamu. "Nisaini wapi?"

Mkataba nilikuwa nao mkononi. Nilijiambia ana masikio yake, angeuliza majirani. Nilijiambia asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mtu akitaka kutenda ubaya, methali hazimwishii.

"Tusubiri kidogo," nilisema.

Kisigino kikashuka juu ya vidole vyangu.

"Tusubiri nini?" muuguzi akauliza.

"Dakika chache tu. Naomba uvumilie."

"Huyu mdogo wangu ana mizaha," dada akacheka kwa meno tu. "We! Mpe mtu asaini, huoni ana usingizi?"

Sikumpa. Niliukumbatia ule mkataba kama mwizi. Tulisikia mafundi wakitaniana, geti likifungwa, kisha mashine ikawashwa. Vioo vya dirisha vikaanza kulia. Muuguzi akafumba macho.

"Hadi saa ngapi?" aliuliza kwa kelele.

"Kumi na mbili jioni. Jumapili hupumzika."

Akarudisha kalamu mkobani. Hakunishukuru, na kwa nini anishukuru? Alimtazama dada. "Na wewe ulijua," alisema, akatoka.

Nilingoja matusi. Badala yake dada akatoa muhuri wake, akanyoosha mkono wa pili. "Lete hiyo fomu. Tuandike jina la binamu yetu, nigonge muhuri, tuwahi. Nani atajua?"

Hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa ananionea huruma, na hiyo iliniuma zaidi. Niliitaka leseni ile hadi machozi yakanilenga.

"Hapana, dada."

"Mwaka mzima, mdogo wangu!"

"Najua."

Hapo simu yake ikaita. Akasoma jina, akashusha pumzi. "Ni mteja wa kesho saa nne," alisema. "Anaitaka nyumba hiihii."

Simu za namna hiyo, msumeno ukiunguruma, dada hukimbilia nazo bafuni na kufunga mlango. Alipiga hatua mbili kuelekea huko, akasimama. Akanitazama, akatazama muhuri mkononi mwake. Simu iliita hadi nikadhani itakatika. Kisha akaipokea palepale alipokuwa.

"Haloo?" alipaza sauti. "Ndiyo, bado ipo. Hebu ngoja kidogo." Akafungua dirisha, akaunyoosha mkono wenye simu nje, upande wa karakana.