Pumzi Iliyo Kwenye Gurudumu la Nyuma

Mshonaji aliipindua baiskeli ya mumewe, ikasimama kwa usukani na kiti juu ya gunia, kati ya cherehani na kitanda. Ilikuwa baiskeli ya milimani, yenye tairi pana za meno. Mumewe alikuwa ameketi kitandani na mto mgongoni na mrija wa oksijeni puani, akimtazama anavyong'oa magurudumu. Wenzake wa kwenye mtambo wa kusaga mawe walimwita Kokoto, na jina lilimganda hadi nyumbani. Vumbi la mtambo ule lilimwachia kifua kilicholia kama mlango wa bati. Kampuni ilisema ni pumu ya ukoo.

Mtungi wa oksijeni ulijazwa hospitalini, ng'ambo ya kilima, na mshonaji ndiye aliyeupeleka na kuurudisha kwenye keria ya baiskeli. Njia nzima ilikuwa miiba na vipande vya mawe vilivyodondoka kutoka kwenye malori. Tyubu zake zilikuwa viraka vitupu. Safari ya mwisho alipata pancha akienda, akapata nyingine akirudi, akaisukuma baiskeli kilima kizima. Alimkuta Kokoto sakafuni, midomo imegeuka rangi, amebandika mdomo kwenye uwazi wa chini ya mlango. Asubuhi yake alikwenda kwa fundi baiskeli.

Fundi alimshauri aachane kabisa na tyubu. Tairi likae lenyewe juu ya rimu ya chuma, ndani mtiwe dawa nyeupe; mwiba ukichoma, dawa inakimbilia tundu na kuliziba hapo hapo, mwendeshaji hana habari. Fundi mwenyewe alikuwa anafunga duka kwenda kuzika, kwa hiyo alimpa utepe, vali ya kutilia upepo na chupa ya dawa, akamweleza kazi yote huku anafunga kufuli.

Mshonaji hakuwa na shaka na mikono yake. Aliifuta rimu mpaka ikang'aa, akaikausha, akazungusha utepe juu ya matundu ya spoki bila kuacha mkunjo hata mmoja, kama anavyopiga pindo. Akapachika vali, akavisha tairi, akamimina dawa, akapaka maji ya sabuni kingoni. Gurudumu la mbele lilikubali pampu. Kingo zilipanda rimu zikalia pa, pa, zikatulia.

La nyuma lilikataa. Kila hewa iliyoingia ilitokea pembeni ikafanya mapovu. Alipampu hadi mabega yakafa ganzi, akapumzika, akapampu tena. Fundi alikuwa amemwambia kwamba tairi kaidi linataka hewa nyingi kwa mpigo mmoja, ya mashine, kama ile ya kituo cha mafuta. Kituo cha mafuta nacho kilikuwa ng'ambo ya kilima, na mshale wa mtungi ulikuwa umelala kwenye nyekundu. Wote wawili waliutazama mtungi.

"Chukua iliyobaki," Kokoto alisema.

"Hiyo yako."

"Basi nipe hilo gurudumu."

Alimpa. Kokoto, ambaye kwa muda mrefu hakuweza kuzima hata kijiti cha kiberiti, alichomoa mrija puani, akaweka midomo kwenye vali, akapuliza mara moja. Tairi lilivimba, likalia pa upande mmoja, pa upande wa pili. Mshonaji akawahi kukaza kizibo cha vali. Kokoto akajifuta sabuni mdomoni, akasema ni chungu. Mkewe alisubiri kifua chake kiinuke. Hakikuinuka. Kokoto akaomba chai.

Tangu siku hiyo hakupumua. Alikula, alinyoa ndevu, alilalamikia sukari kuwa kidogo. Pumzi ilikuwa kwenye gurudumu la nyuma, na ukiweka kiganja juu ya tairi uliweza kuisikia ikijaa na kupungua, polepole. Kikohozi kiliisha, kwa kuwa hakikuwa na cha kukiendesha. Dada yake Kokoto alipokuja kumjulia hali alikaa naye kitambo, kisha akamfuata mshonaji jikoni.

"Wifi, kaka hapumui."

"Iko kwenye gurudumu."

Dada akaliendea gurudumu, akalibonyeza kwa kidole gumba, akasema lingeongezwa kidogo, kisha akaosha vyombo.

Mshonaji sasa aliendesha kupeleka nguo za wateja, na aliendesha kwa hofu. Hakuwa na namna. Baiskeli ndiyo iliyowalisha. Mwiba ulipochoma tairi njiani, Kokoto nyumbani alishika mbavu, na tone la dawa nyeupe likatokea kwenye shati kabla tundu halijaziba. Jioni mkewe aliyahesabu madoa, akayafua.

Kisha kampuni ikamwita Kokoto apimwe. Mshonaji alifurahi, kwani walikuwa wakiomba kipimo hicho tangu mumewe alipoanza kukohoa. Daktari wa kampuni alisikiliza kifua mbele, akasikiliza mgongoni, akasema hajawahi kukutana na kifua kitulivu namna ile. Hakikoromi, hakipigi mluzi. Ni kizima.

"Daktari, hakipigi mluzi kwa sababu hapumui," mshonaji alisema.

Daktari aliweka mkono chini ya pua ya Kokoto, akaingoja pumzi. Akakubali kwamba ni kweli.

"Asiyepumua havuti vumbi, mama. Na barakoa hatahitaji."

Jumatatu Kokoto alikuwa mdomoni mwa mtambo, palepale pa zamani, analisha mawe. Msimamizi alimsifu mbele ya wenzake waliokuwa wamejiinamia wakikohoa.

Jumapili moja mshonaji alifungua gurudumu la nyuma, akalileta kitandani, akaweka vali kwenye midomo ya mumewe. Alimwambia waondoke, waanze upya mahali popote, yeye atashona. Akalegeza kizibo, na hewa kidogo ikavuja. Kokoto akageuza uso.

"Nirudishiwe nikavute nini, vumbi?" alisema. "Iache huko, mke wangu. Huko inakwenda na wewe, inaona njia."

Mshonaji akakaza kizibo. Alikaa na gurudumu mapajani mpaka chumba kikawa giza, kisha akalirudisha kwenye baiskeli, kwa kuwa kulikuwa na nguo za kupeleka.

Wake za wasaga mawe walianza kuja mwezi huo, mmoja mmoja, kila mmoja na gurudumu kwapani. Msimamizi ndiye aliyewaelekeza. Wa mwisho alikuwa msichana aliyeolewa juzi tu. Mumewe alikuwa amebaki barabarani, ameshika ukuta, akisubiri kikohozi kimwachie aingie. Msichana aliuliza kama pumzi hurudi. Mshonaji alimweleza yote, hata ya Jumapili ile, bila kuficha kitu. Msichana alisikiliza. Alitazama nje, akamtazama mumewe akitema kitu cha kijivu ukutani. Kisha akaketi chini, akaweka gurudumu magotini, akauliza utepe unaanzwa wapi.

"Mkabala na tundu la vali," mshonaji alimwambia. "Na uuvute kwa nguvu. Usiuonee huruma."