Timu Iliyojiita Benchi

Watoto walimwita Kocha Baridi, na si kwa sababu ya upole. Alikuwa fundi wa friji, na siku za mazoezi alifika uwanjani moja kwa moja kutoka kazini, mifuko ya ovaroli imejaa bisibisi na vipande vya mrija wa shaba. Hasira zake hazikuwa na ubaridi wowote. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akifundisha timu ya mtaa, watoto wa chini ya miaka kumi na miwili, bila mshahara wala posho. Mkewe, msusi mwenye mdomo usio na breki, aliwaambia wateja wake, "Mimi nina mke mwenza. Ni wa duara, amejaa upepo, na analala uvunguni mwa kitanda changu."

Timu ilikuwa na watoto kumi na wanane, na ligi yao ilichezwa tisa kwa tisa. Kwa Kocha Baridi hesabu haikuwa na utata: tisa kipindi cha kwanza, tisa kipindi cha pili. Mfungaji hodari alicheza nusu, na asiyejua hata goli lao lipo upande gani naye alicheza nusu. Sheria hiyo hakuwahi kuivunja, jua liwake, mvua inyeshe.

Mwaka ule walifika nusu fainali kwa mara ya kwanza. Hadi mapumziko walikuwa wanaongoza mabao mawili kwa bila, yote mawili ya Mshale, mtoto mwepesi wa miguu ambaye baba yake alikuwa na duka la simu. Kipindi cha pili kocha akawatoa tisa wote, akawaingiza wenzao. Nyuma kabisa alimweka Taratibu, msichana wa miaka kumi na mmoja aliyepewa jina hilo na wenzake, naye akalikubali kwa kicheko. Mpira ukageuka. Wakafungwa moja, wakafungwa la pili, na dakika ya mwisho mshambuliaji mmoja akampita Taratibu kama vile amepita mlingoti. Alipomaliza kugeuka, mpira ulikuwa wavuni.

Wazazi pembeni walishika vichwa. Baba Mshale hakushika kichwa. Alitoa simu mfukoni, akaanza kuitisha kikao papo hapo.

Mama yake Taratibu alikuwa askari wa ulinzi benki. Alikuja uwanjani na sare zake, buti zimeng'arishwa, akamvuta kocha kando.

"Kocha, nisamehe. Namtoa huyu mtoto. Asiendelee kuwaharibia wenzake."

"Ukimtoa, Jumatatu nakuja kumchukua mlangoni kwako," alisema Kocha Baridi. "Na nikija nitaleta kelele, majirani wote watatoka."



Kikao kilifanyika Jumatano jioni katika darasa la shule ya msingi iliyopakana na uwanja. Watu wazima walijibana kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Mwenyekiti wa wazazi, mwalimu wa hesabu ambaye hakupenda ugomvi hata wa paka, alianza kwa kuzungukazunguka. Alishukuru, akapongeza, akashukuru tena. Baba Mshale akachoka kusubiri.

"Fundi, hakuna mwenye chuki na wewe," alisema, akiinuka kwa shida kwenye dawati. "Lakini tuambiane ukweli. Watu wa akademia walikuja kumwona mwanangu. Wamemkuta wapi? Amekaa kwenye nyasi, anakula chungwa!"

"Alikuwa amemaliza nusu yake."

"Nusu! Wewe ukiitwa kutengeneza friji, unatengeneza nusu?"

Watu wakacheka, hata waliokuwa upande wa kocha. Kocha Baridi alisubiri wamalize.

"Friji haina moyo," alisema. "Ukiiacha pembeni mwaka mzima haiumii."

"Sasa na mimi nakuuliza," Baba Mshale akaendelea, "maana watu wanaliuliza chinichini, mimi naliuliza hadharani. Unapata nini hapa? Una binti mmoja, ameshakuwa mtu mzima, na mpira hautaki hata kuusikia. Miaka kumi na tisa, kila Jumatatu, Alhamisi na Jumamosi. Unatafuta nini kwa watoto wetu?"

Mkewe kocha, aliyekaa nyuma karibu na dirisha, alifungua mdomo kumjibu yule bwana inavyomstahili. Mumewe akamnyooshea kiganja: niachie.

Angeweza kulipindua lile swali kwa mzaha, kama alivyozoea. Badala yake alivua kofia, akaiweka juu ya dawati.

"Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja nilikuwa kwenye timu," alisema. "Msimu mzima. Sikukosa mazoezi hata siku moja. Nilibeba nyavu, nikajaza mipira upepo, nikafua jezi za wenzangu. Kila mechi nilikaa pembeni nimevaa viatu, nimefunga kamba, nasubiri kuitwa. Sikuitwa. Mechi ya mwisho kocha akapita mbele yetu, akanikanyaga mguu. Akaniomba radhi. Halafu akaniuliza, 'Wewe kijana, umekuja kumwangalia nani?'"

Mkewe kule nyuma alikuwa amekaa wima. Miaka ishirini na sita ya ndoa, na neno hilo alikuwa analisikia leo.

"Hakujua kama mimi ni mchezaji wake. Msimu mzima. Basi nikaapa, siku nikipewa filimbi mimi, hakuna mtoto atakayeulizwa swali lile. Hicho ndicho ninachopata. Kama mnaona ni kidogo, hilo ni lenu."

Hapo wengine waliinamisha macho. Mwenyekiti alikohoa, akajaribu kupatanisha. "Kocha, tumekuelewa. Lakini wazazi wengi wanataka mabadiliko. Tuandikie barua fupi ya kujiuzulu, tukuage kwa heshima, hata zawadi tuandae."

"Siandiki."

"Ni utaratibu tu, ndugu yangu."

"Siandiki hata mstari. Mnataka nitoke, nitoeni kwa mikono yenu. Inyoosheni juu niione."

Mikono ilinyanyuka polepole, mmoja ukivizia mwingine. Ikafika kumi na miwili. Kocha Baridi aliitazama mmoja mmoja. Mitatu kati yake ilikuwa ya watu ambao friji zao alizifufua bila kuwatoza. Mama yake Taratibu hakunyoosha. Alikaa na mikono yake juu ya mapaja, kama yuko zamu.

"Sawa," alisema Kocha Baridi, akavaa kofia. "Nani anachukua?"

Hilo hawakuwa wamelifikiria. Mmoja akakumbuka kwamba hufanya kazi Jumamosi. Mwingine mgongo. Wa tatu akainama kufunga kamba ya kiatu ambacho hakikuwa na kamba. Mwishowe macho yote yakamwelekea Baba Mshale, naye, kwa kuwa ndiye aliyewasha moto, hakuwa na mlango wa kutokea.

"Nachukua mimi," alisema, sauti imepungua.

Njiani kurudi nyumbani mkewe alitembea kimya hatua kama mia mbili, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

"Mbona hukuniambia?" aliuliza mwishowe.

"Aibu."

"Aibu ni ya yule aliyekukanyaga." Akamshika mkono. "Na kesho unakwenda?"

"Kesho si Alhamisi?"

"Ndiyo maana nimeuliza, mume wangu. Nikufulie ovaroli au nikufulie jezi?"

Alhamisi saa kumi Baba Mshale alifika na raba mpya nyeupe pe, akamkuta Kocha Baridi ameketi juu ya tofali karibu na ukuta.

"Fundi, umeshatolewa."

"Nimetolewa kwenye timu. Uwanja ni wa kila mtu."

Baba Mshale akajifanya hajasikia. Alitoa karatasi, akasoma majina ya watoto kumi na wawili: tisa wa kuanza, watatu wa akiba. Kisha akawaambia waliobaki, bila kuwatazama usoni, kwamba mwaka ujao wajaribu tena. Waliobaki walikuwa sita. Walisimama pale kama mizigo iliyoshushwa kituo kisicho chao. Taratibu ndiye aliyeondoka wa kwanza, akatembea kwa mwendo wake uleule hadi ukutani.

"Kocha, tumetemwa."

"Na mimi pia," alisema Kocha Baridi akinyanyuka. "Wengine waite."

Waliachiwa kipande kilichokuwa nyuma ya goli, chembamba, kimebanwa na ukuta upande mmoja na mfereji upande wa pili. Mpira ulitumbukia mferejini mara kumi kwa siku, wakaoga harufu. Baada ya wiki mbili, wale watatu wa akiba, waliochoka kukaa, walivuka mmoja baada ya mwingine. Wakawa tisa.

Kocha Baridi akaenda nao wote hadi ofisi ya chama cha mpira kujiandikisha kwa ligi ndogo ya kumalizia mwaka. Karani aliinua kichwa, akaona msururu wa watoto wenye matope.

"Wachezaji wa akiba wangapi?"

"Hakuna."

"Akiumia mmoja?"

"Tutacheza wanane."

Karani akatikisa kichwa, akaandika. "Jina la timu?"

Kocha hakuwa amelifikiria. Akawageukia watoto. Wakanong'onezana, wakasukumana, halafu Taratibu akasogea mezani.

"Benchi," alisema.

"Benchi?" Karani aliacha kuandika. "Mnataka kuitwa Benchi?"

"Ndiyo. Kwetu hakuna anayekaa, kwa hiyo jina lenyewe liko huru."

Karani alicheka mpaka kalamu ikamtoka mkononi, lakini aliliandika.

Mechi ya kwanza Benchi walifungwa saba bila majibu. Ya pili tano kwa moja. Watu mtaani wakapata la kusema, na kibandani kwa msusi wateja walileta utani mpaka mwenye kibanda akatishia kumwacha mmoja na kichwa nusu. Kocha Baridi aliziba masikio. Alikuwa na kazi. Mtoto mmoja alifumba macho kila mpira ulipomjia. Akamfundisha kuuhesabu unavyodunda. Kwa Taratibu alitumia saa nzima kila mazoezi.

"Huwezi kukimbia," alimwambia wazi.

"Najua."

"Basi usikimbie. Soma. Usiangalie miguu ya mtu, miguu hudanganya. Angalia kiuno. Kiuno kikishageuka, mwenyewe ameshageuka. Wewe nenda kamsubiri huko."

Wiki ya sita walipangwa na timu ya Baba Mshale. Pembeni walijaa watu, wengi wao wale wa ile mikono kumi na miwili. Baba Mshale alikuwa ameishiwa sauti kabla mpira haujaanza. Miezi miwili ya kupigiwa simu na wazazi, kila mmoja akitaka mtoto wake acheze mbele, ilikuwa imemchimba macho.

Mshale alifunga mapema, akafunga na la pili. Mara ya tatu alikuja kwa kasi ileile, akatupa mguu kushoto. Taratibu hakuutazama mguu. Alichukua hatua mbili kulia, bila haraka, akasimama, na mpira ukamfikia kama barua iliyoandikwa anwani yake. Akaupiga mbele. Uwanja ukazizima. Dakika chache baadaye Mshale akajaribu tena, na tena akamkuta ameshafika. Safari hii waligongana, wakaanguka wote wawili. Mshale akawahi kuinuka, akampa mkono. Alikuwa anatabasamu.

"Umejuaje?"

"Siri," alisema Taratibu, akajifuta vumbi.

"Msalimiane baadaye!" Baba Mshale alifoka kutoka pembeni, sauti ikamkatikia njiani.

Mechi iliisha tatu kwa moja, na Benchi ndio waliofungwa. Bao lao liliingia baada ya kona kumgonga yule mfumba macho begani, naye wala hakulijua mpaka wenzake walipomlalia. Filimbi ya mwisho ilipolia, wote tisa walikimbia kumkumbatia kocha, wakaruka, wakaimba jina la timu yao.

Baba Mshale alivuka uwanja, shati limemganda mgongoni. "Mnashangilia nini? Si mmefungwa?"

"Tumefungwa tatu," alisema Kocha Baridi. "Tulianza na saba. Na wote wamecheza, mwanzo mpaka mwisho. Wewe leo umekalisha wangapi?"

Yule bwana akageuka kwenye mstari wa pembeni, ambako watoto wake watatu wa akiba, wapya aliowatoa mtaa wa pili, walikuwa wamekaa na jezi safi zisizo na hata doa. Mmoja alikuwa anang'oa nyasi moja moja. Baba Mshale akaondoka, lakini hakwenda garini. Alikwenda kuchuchumaa mbele ya wale watatu, na alichowaambia hakuna aliyekisikia.

Benchi walimaliza ligi wakiwa wa tisa kati ya timu kumi. Mwenyekiti alikuja na maneno yake laini, akamwomba kocha arudi timu ya zamani, yaliyopita yawe yamepita. Kocha Baridi alimkatalia mchana kweupe. Alisema ana timu. Kufikia hapo ilikuwa na watoto kumi na wanne, na watatu kati yao wazazi wao walikuwa wamenyoosha mikono Jumatano ile. Aliwapokea bila kuwakumbusha, ingawa kumbukumbu alikuwa nayo.

Alhamisi moja askari wa benki, mama yake Taratibu, alikuja mazoezini peke yake, bado na sare, akasimama karibu na mfereji mpaka watoto walipoanza kukusanya koni.

"Kocha, watoto wanakuzidi. Nifundishe kufundisha."

"Kwa nini unataka?" aliuliza Kocha Baridi. "Nami niliulizwa, kwa hiyo usione vibaya."

Yule mama alifikiri. "Kazini kwangu nasimama mlangoni siku nzima naangalia watu wanaingia. Nataka mahali na mimi niwe ndani."

Kocha Baridi akamwangalia miguuni.

"Jumatatu, saa kumi kamili," alisema. "Na hizo buti uziache nyumbani. Utatutobolea mipira."